Dohani ya Gwilym wa Mapaa

Doa lilipoanza lilikuwa na ukubwa wa kisahani cha chai. Eluned Parry aliliona asubuhi moja ya mwezi wa kumi, akiwa anamgeuza mumewe ubavu ili ambadilishie shuka. Lilikuwa pale dari inapokutana na ukuta wa dohani, lile bomba la tofali la kutolea moshi, rangi yake hudhurungi, na ukingo wake umekolea kama alama ya kikombe juu ya meza. Alilitazama kidogo, akaendelea na shuka lake. Blaenau ni mji wa mvua. Nyumba isiyo na doa hata moja majirani wangeitilia shaka.

Gwilym alikuwa ameshaliona siku nyingi. Alilala akiwa amelielekea, na tangu kiharusi cha mwezi wa pili hakuwa na pengine pa kutazama. Upande wake wa kulia ulikuwa umekufa, na maneno yote aliyojaliwa kwa miaka sabini na minne yalikuwa yamemtoroka, isipokuwa moja.

"Kijiko," alisema, akiinua kidevu kuelekea dari.

"Nimeliona, mpenzi wangu. Usijisumbue."

"Kijiko, kijiko."

Kwa nini kijiko, hakuna aliyejua. Daktari alisema ubongo huweza kung'ang'ania neno moja ukaachia mengine yote. Akitaka maji ni kijiko, akitaka redio izimwe ni kijiko, na Eluned alijifunza kusikiliza sauti badala ya neno. Hata kutikisa kichwa hakukutegemewa. Ukimuuliza kama anasikia baridi atakubali, ukimuuliza kama anasikia joto atakubali vilevile, kisha atakunja uso kwa hasira kwa sababu kichwa nacho kimemsaliti.

Na huyu ndiye aliyekuwa Gwilym wa Mapaa. Mji ulikuwa na akina Gwilym Parry watatu, mmoja wa posta, mmoja wa basi la shule, na huyu wake, aliyekaa juu ya nyumba za watu miaka arobaini na moja akipanga vigae vya mawe. Kuanzia Porthmadog mpaka Bala hapakuwa na paa gumu alilolikimbia. Watu walikuwa wakimwona kwenye kilele cha kanisa, kofia nyuma ya kichwa, anakula mkate wake kule juu kama mtu aliyekaa sebuleni kwake.

Kufikia mwezi wa kumi na moja doa lilikuwa kubwa kama sinia. Lipu ilivimba, ikaanza kutoa harufu ya gunia lililoloa. Mererid, mhudumu aliyekuja asubuhi kumsaidia kumwogesha, alisikiliza kifua cha mgonjwa kikikoroma, akatikisa kichwa.

"Bi Eluned, pumzi hii siipendi. Mhamishe chumba."

"Nimpeleke wapi, mwanangu? Chumba kingine ni kile cha masanduku, kitanda hiki hakiingii. Na choo na bafu viko huku huku juu."

"Basi kile kiti kije haraka, ashuke chini mchana apate hewa."

Kiti chenyewe kilikuwa cha umeme, cha kupanda na kushuka ngazi kwenye reli. Ngazi za nyumba ile zilikuwa nyembamba na zilijikunja kama mgongo wa paka, kwa hiyo reli ilibidi itengenezwe ya kwao peke yao, na bei yake ilikuwa pauni elfu nne na mia tisa. Kwenye ofisi ya halmashauri walikuwa na foleni ya watu wanaongoja kusaidiwa, na foleni hiyo haikusogea. Eluned, aliyekuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu, alikuwa ameamua kutumia akiba yao. Muuzaji alishakuja na kipimo chake, akapima kila kona, akanywa chai na vipande viwili vya mkate wa zabibu. Walikubaliana atie saini baada ya mwaka mpya.

Kuhusu doa, aliwapigia simu watu wa bima kwanza. Sauti ya msichana mpole ilimuuliza kama kulikuwa na dhoruba.

"Hapana, ni mvua tu."

"Mvua isiyo ya kawaida, mama?"

"Mwanangu, ni Blaenau huku. Mvua ndiyo kawaida yetu."

"Basi huo ni uchakavu. Uchakavu haumo kwenye mkataba wako. Pole sana, mama. Kuna jambo lingine naweza kukusaidia?"

Eluned alikaa na simu mkononi, akitafuta jambo lingine, asilipate.

Wiki hiyo hiyo gari jeupe lenye ngazi mgongoni lilisimama mbele ya nyumba. Mwanamume mnene, mchangamfu, akabisha hodi. Jina lake Royston. Alisema anafanya kazi mtaa wa pili, na kwamba dohani yao imemtia huruma.

"Mama, ile dohani inalia. Nimeiona toka barabarani. Tofali zimeachana kama meno ya babu yangu."

"Bei gani?"

"Kwa mtu mwingine mia sita. Wewe unafanana na mama yangu mkubwa. Nipe mia nne, mkononi, na leo leo unalala pakavu."

Ilikuwa rahisi mno, na sehemu fulani ya moyo wake ilijua. Lakini mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima wa mabaki ya machimbo, na juu chumbani mtu alikuwa anakohoa. Akamwambia apande.

Royston alipanda na ndoo moja na mwiko mmoja. Eluned alikaa karibu na Gwilym, akidhani atafurahi kusikia fundi juu ya paa. Macho ya mumewe yalifuata nyayo za yule mtu juu ya vigae: hapa amesimama, hapa amezunguka, hapa amechuchumaa. Kisha ikasikika sauti ya mwiko ukipaka, shwaa, shwaa, basi. Gwilym akaanza kuhema.

"Kijiko!" akapiga kelele. "Kijiko! Kijiko!" Mkono wake wa kushoto ulikipiga chuma cha kitanda mpaka vifundo vikachubuka. Alikuwa mwekundu, mishipa ya shingo imemsimama. Eluned alishikwa na hofu. Alidhani ni maumivu, au kiharusi kingine. Alimpa kile kidonge walichoambiwa wampe akizidiwa, akamshika kichwa akimbembeleza mpaka macho yakajifumba. Alikuwa amelala fofofo Eluned aliposhuka kuhesabu noti ishirini za pauni ishirini kwenye kiganja cha Royston.

Mvua ya siku ya tatu haikuishia ukutani. Iliteremka tone kwa tone juu ya blanketi la Gwilym, kwenye mguu usiosikia kitu, na Eluned alipoingia blanketi lilikuwa limelowa mpaka kwenye godoro. Alipiga namba iliyokuwa kwenye karatasi ya Royston. Haikupatikana. Alipiga tena kesho yake, na keshokutwa. Akasogeza kitanda kadiri kilivyoweza kusogea, yaani shubiri mbili, akaweka beseni.

Siku moja alimletea Gwilym kipande cha chokoleti. Alipomaliza kula, Gwilym hakutupa karatasi yake ya fedha. Aliilaza kwenye trei, akailainisha kwa kidole gumba cha kushoto. Akaishika kwa meno, akaikunja, akaibonyeza pale ukingo wa trei unaposimama, nusu chini, nusu juu, halafu akakunja tena upande mwingine, ngazi ndogo ndogo. Kazi ilikuwa safi. Akamtazama mkewe.

Eluned alikuwa mke wa fundi wa mapaa maisha yake yote. Alijua maana yake. Pale dohani inapotokeza kwenye paa huzungushiwa bati la risasi, lile la kijivu linalokunjika kama unga uliokandwa, ili maji yasipate pa kupenya.

"Risasi," alisema. "Hakuweka risasi! Alipaka saruji tu, na wewe ulikuwa unaniambia. Na mimi nikakulaza kwa kidonge."

Gwilym alifumba macho. Machozi yalimtoka jicho moja. Eluned alidhani ni ya hasira.

Akampigia Emrys. Kwa kweli angempigia tangu mwanzo, ila aliona haya. Emrys alianza kazi kwa Gwilym akiwa na miaka kumi na sita, na sasa, hamsini na kitu, alikuwa na magari matatu na jina lake limeandikwa ubavuni. Tangu mgonjwa atoke hospitali alikuwa amekuja mara moja tu. Safari hii alivua kofia mlangoni mwa chumba, akasimama kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mkubwa.

"MAMBO VIPI, BOSI?" alipaza sauti.

"Emrys, usimpigie kelele. Masikio yake ni mazima kuliko yako."

"Samahani, shangazi."

Alipanda, akachungulia, akashuka. Walizungumza jikoni, chai inapoa. Alisema saruji ya Royston imeziba njia ambayo maji yalikuwa yakitokea, kwa hiyo sasa yote yanaingia ndani. Kazi yenyewe si kubwa. Kubwa ni jukwaa la vyuma la kusimamia. Jukwaa, risasi, tofali, mafundi wawili: elfu tatu na mia mbili.

"Gwilym alipanda na ngazi na kamba maisha yake yote."

"Alipanda, shangazi. Mimi nikipanda hivyo leo na mtu akanipiga picha, kesho nimefungiwa. Na kijana akianguka, nitamwambia nini mama yake?"

"Hata kupunguza kidogo?"

Emrys alizungusha kikombe. "Nimeshatoa ya kwangu. Mimi hapo sipati hata senti ya mafuta. Jukwaa si langu, wenyewe hawanijui wala hawamjui bosi."

Alipoondoka, Eluned alipanda juu, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Pesa ni moja, Gwilym. Nikiziba dohani, kiti hakipo. Nikinunua kiti, utashuka, lakini kila ukirudi kulala utalala ndani ya maji. Niambie wewe. Tununue kiti?"

Gwilym aliitikia kwa kichwa, ndiyo.

"Au tutengeneze dohani?"

Ndiyo. Akajipiga paji la uso kwa kiganja. Eluned aliushika ule mkono, akauweka chini, asiulize tena. Aliamua peke yake, na uamuzi wenyewe haukuwa uamuzi, kwa kuwa beseni lilikuwa linajaa mara mbili kwa siku.

Jukwaa lilisimamishwa wiki ya pili ya Januari. Asubuhi hiyo Emrys mwenyewe alipanda kubandua saruji. Saa nne aliteremka, akaingia jikoni bila kufuta viatu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mkononi alikuwa na kipande cha bati kilichooza, kina mabaki ya rangi ya kijani. Akakiweka mezani juu ya gazeti.

"Nini hiki?"

"Mkebe wa rangi, shangazi. Umepasuliwa ukanyooshwa. Ndio uliokuwa chini, pamoja na matambara ya lami. Risasi haikuwahi kuwekwa."

"Royston?"

"Huyo aliweka ya juu tu. Hii ni ya zamani."

"Kazi ya nani hii, Emrys?"

Emrys alitazama kofia yake.

"Nimekuuliza. Kazi ya nani?"

"Mwaka ule mlipohamia hapa. Nilimshikia ngazi mimi mwenyewe. Alisema ameziba kwa muda tu. Risasi ya nyumba yake, alisema, ataiweka Jumapili."

Eluned aliziona Jumapili zile zote kwa mpigo. Baada ya ibada kulikuwa na mtu mlangoni kila mara: mjane ambaye kigae chake kimeruka, mchungaji na mfereji wake, mwalimu mkuu na paa la maktaba. Na Gwilym hakujua kusema hapana. Alikuwa akirudi jioni na mayai sita, au kuku, au shukrani tupu, na dohani yao imesimama juu ya vichwa vyao miaka thelathini na minane imefungwa kwa mkebe wa rangi.

"Si hilo tu," Emrys alisema taratibu. "Mbao zilizoshika pale zimeoza. Nikiirudisha dohani kama ilivyokuwa, ongeza elfu mbili. Nikiibomoa mpaka chini ya paa nikapanga vigae juu yake, nitaimaliza kwa elfu nne na nusu, jukwaa likiwa ndani. Moto wa makaa hamuuwashi tena. Mimi ningeibomoa."

"Ulisema elfu tatu na mia mbili."

"Nilisema kabla sijaona, shangazi."

Eluned alipanda ngazi akiwa amekishika kile kipande cha bati. Alimkuta Gwilym amegeuza shingo kuelekea mlangoni, anangoja. Akaliweka bati kwenye trei mbele yake.

"Umepanda mapaa ya mji mzima," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na udogo wake ulimtisha yeye mwenyewe. "La kila mtu, Gwilym. La watu ambao hawakukulipa. La watu ambao hata kukuangalia hawaji. Na la kwangu? Mimi nilikuwa nani? Miaka thelathini na minane unaniambia Jumapili!"

Gwilym alifungua mdomo. Neno lile moja lilimjia, na safari hii alilizuia. Alibana midomo asilitoe, akatoa mkoromo tu wa puani. Hapo Eluned akaelewa habari ya karatasi ya chokoleti. Hakuwa akimsema Royston. Alikuwa akiungama.

Alikuwa na mengine ya kusema, makali zaidi, lakini akayaacha. Ungemgombeza vipi mtu asiyeweza kukujibu? Gwilym wa zamani angesema, "Ee, mwanamke, nilijisahau," angemkumbatia kwa mikono yenye vumbi, wangenuniana mpaka wakati wa chakula. Huyu hakuwa na la kufanya ila kulala na kutazamwa. Eluned alilichukua bati, akaenda kulitupa. Kisha akamwambia Emrys abomoe.

Kazi ilichukua siku mbili na nusu kwa sababu ya upepo. Eluned alikaa naye chumbani muda wote. Waliisikia dohani ikiondoka tofali kwa tofali, nyundo, patasi, ndoo ikiteremka kwa kamba, nyundo tena. Gwilym alihesabu kwa kidole juu ya blanketi. Pale fundi mmoja alipoangusha tofali likabingirika juu ya vigae, alikunja uso kwa dharau, na Eluned nusura acheke. Siku ya mwisho Emrys aliuliza kama wanataka kile chungu cha udongo kilichokuwa kileleni, watu wengine hupandia maua.

"Kichukue," alisema Eluned. "Sitaki hata kukiona."

Alilipa. Kilichobaki benki hakikutosha hata kipande cha reli. Alimpigia yule muuzaji wa kiti, ambaye alisikitika sana na kumwambia kwamba bei ile ingedumu mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo asingeweza kuahidi kitu. Eluned alimshukuru. Alirudisha jina lake kwenye foleni ya halmashauri, na barua ikaja kusema yeye ni wa sitini na tatu.

Kufikia mwezi wa tatu chumba kilikuwa kikavu. Lipu ilipigwa upya, Mererid akaleta rangi iliyobaki kwao na kuipaka mwenyewe. Kikohozi kilipungua. Gwilym alilala vizuri, akaanza kunenepa mashavu, na hakuna aliyeweza kusema kazi haikufaa. Ila alikuwa bado yuko juu.

Jumamosi moja Emrys alikuja na mafundi wake wawili. Walimfunga Gwilym kwa shali kwenye kiti cha kulia chakula, wakamshusha, mmoja mbele, mmoja nyuma, Emrys akiwa katikati ya kona akitoa amri kama anashusha kinanda. Walimweka mlangoni, jua usoni. Waliopita njia walisimama.

"Gwilym wa Mapaa! Leo umeshuka?"

"Kijiko!" alijibu Gwilym, akicheka kwa nusu ya mdomo, na wao wakacheka, na wengine wakakaa nusu saa wakimpa habari za mji.

"Tutakuja kila Jumamosi, bosi," Emrys alisema wakimpandisha.

Walikuja Jumamosi iliyofuata. Ya tatu walipata kazi Bangor. Ya nne yule fundi mrefu aliumia mgongo. Emrys alipiga simu kuomba radhi, sauti imemnywea, na Eluned akamwambia asijali, akimaanisha hivyo. Mtu ana kazi zake. Gwilym alinyolewa ndevu Jumamosi mbili zaidi, akavalishwa shati, akakaa akisikiliza magari. Jumamosi iliyofuata, Mererid alipochukua wembe, Gwilym aliugeuza uso wake.

Mwezi wa sita Eluned aliamua kupandisha meza ndogo ya jikoni. Alikuwa amechoka kula chini peke yake, akisikia sahani ikigongwa juu ya dari. Meza iligoma kwenye kona ya ngazi. Aliivuta, akaisukuma, akaigeuza miguu juu, ikakwama kabisa, naye akabaki upande wa juu, asiweze hata kushuka jikoni kuchukua bisibisi. Chumbani Gwilym alikuwa akiita, anaelekeza, bila shaka anaelekeza sawasawa: inua huku, zungusha kule. Lakini kilichotoka kilikuwa lile neno lake tu, likirudiwa rudiwa.

"Najua!" Eluned alipiga kelele. "Najua kwamba unajua!"

Alikaa kwenye ngazi, akalia, na akiisha kulia akafungua parafujo za miguu kwa sarafu. Ilimchukua karibu saa nzima. Alivipeleka vipande chumbani kimoja kimoja, akailaza meza kifudifudi kando ya kitanda, akamwekea Gwilym mguu mmoja mkononi.

"Ushike wima, nikaze."

Gwilym alishika. Mkono ulianza kutetemeka kabla parafujo haijafika nusu, mguu ukalala, parafujo ikadondoka chini ya kitanda. Eluned alipiga magoti, akaipapasa, akaipata.

"Tena," alisema.